Masaa Matatu ya Kupasha Moto

Siku ya kusukutua bwawa hatuendi shule. Mji mzima unakuwa hauna maji, na shule yenye watoto wengi kama yetu ikikosa maji, ikifika saa nne tu hata walimu wanatembea wameziba pua. Kwa hiyo tunabaki nyumbani. Ndoo zimejaa tangu jana yake, masufuria yamejaa, mpaka beseni la kufulia limejaa, na bibi anapita akituonya, "Atakayenawa miguu kwa maji ya kunywa leo atanijua."

Mwaka huu sikubaki nyumbani. Shangazi alisema, "Huyu nampeleka ofisini. Hasemi, hasumbui, hagusi vitu vya watu."

Baba alikuwa anafunga kamba za buti. Akacheka. "Mchukue, lakini usije ukamfundisha hiyo kompyuta yako. Kichaa mmoja anautosha ukoo mzima."

Shangazi ni mdogo wake baba, tumbo moja, wamefuatana. Na kazi zao zimefungwa kwenye mto mmoja, yeye juu, baba chini. Yeye yuko bwawani. Baba yuko kule maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji, mfereji unayapeleka kwenye pampu, na pampu zinayaleta mjini. Baba hupenda kusema, "Mdogo wangu ananitumia maji, mimi nayapokea. Akinitumia tope namshitaki kwa mama."

Sasa hilo tope ndilo lenyewe. Mto ukiingia bwawani unakuja na udongo, udongo unatulia chini, mvua hadi mvua, mpaka siku moja unakuta una shimo la tope lenye maji kidogo juu yake. Ofisini wanaliita mashapo, nyumbani ni tope. Dawa yake ni kulisukutua bwawa kama mtu anavyosukutua mdomo. Wanapunguza maji kwanza, halafu wanafungua milango ya chini kabisa ya ukuta, na maji yanatoka kwa hasira yakikokota tope kwenda nalo. Ukifungua kidogo, tope linakucheka. Ukifungua sana, mto unabeba watu. Ukichelewa kufunga, umebaki na bwawa tupu na mji wenye kiu.

Hayo yote shangazi anayajaribu kwanza kwenye kompyuta. Ana bwawa lake humo ndani, ana mto wake, ana na tope lake. Buluu ni maji safi, njano yamechafuka, nyekundu ni tope zito. Anafungua milango ya uongo, anaangalia ile nyekundu inavyoshuka, halafu anawatumia watu wa mtoni saa zao: tope litafika kwenu saa fulani, ondokeni. Ofisini wanamwita Bi Tope, na anaitika vizuri tu.

Jumapili moja alikuwa anamweleza baba kwamba modeli, yaani huo mto wa kwenye kompyuta, haianzi kazi hivi hivi. Lazima kwanza uiache iende masaa kadhaa na maji ya kawaida, milango imefungwa, mpaka mto wa humo ndani utulie.

"Kumbe inapasha misuli moto," baba akasema. Yeye na mpira, huwezi kuwatenganisha. "Kama wachezaji kabla ya mechi."

"Hivyo hivyo."

"Na dakika za kupasha moto hazihesabiwi kwenye mechi."

"Hazihesabiwi, kaka. Ukizihesabu mechi yote imeharibika."

Nilikuwa napepeta mchele pembeni nikasikia, wala sikuona kama ni neno la kukumbuka.

Basi kazi ya baba siku ya kusukutua ni hii. Pampu zinazimwa. Mdomo wa mfereji unazibwa kwa mbao nene, na mfereji wenyewe, uliojaa maji mwaka mzima, siku hiyo tu unakauka. Yeye na wenzake wanaingia ndani na makoleo kukwangua. Ni mfereji wa zege, umefunikwa juu, una mifuniko ya kushukia hapa na pale, mrefu, na mtu mzima anatembea humo ameinama. Zile mbao zinauweza mto ukiwa mdogo. Tope likifika na maji yake, mto unapanda juu ya mbao na kumwagikia ndani. Kwa hiyo wakati huo asiwepo mtu.

Baba hakuwa na wasiwasi. "Mdogo wangu kasema saa kumi jioni," alimwambia bibi asubuhi ile. "Mimi saa nane nimetoka, saa tisa nimeoga."

"Utaoga na maji gani?" bibi akamuuliza.

Tukamcheka, akaondoka na baiskeli yake.

Chumba cha shangazi kiko ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa bwawa. Milango ilikuwa imeshafunguliwa tangu saa moja, na jengo zima lilikuwa linanguruma. Kalamu zilikuwa zinatembea zenyewe mezani. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na feni.

Hatukuwa peke yetu. Bosi alikuwa ameleta wageni wanne wenye suti, wamekuja kuangalia kama kazi hii inafaa kuigwa kwenye mabwawa mengine. Simu ya mezani aliiweka kwenye spika ili wageni wasikie ripoti zikiingia. Na kwa ajili yao mwaka huu alitaka filamu. Miaka mingine shangazi hutoa karatasi tu yenye mistari na namba.

"Namba zinasinzisha watu," Bosi alikuwa amemwambia. "Nataka nione tope linatembea. Nataka na saa inahesabu pale pembeni."

Shangazi akatengeneza filamu. Ilikuwa nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Mto umejikunja kwenye skrini, buluu tupu, halafu nyekundu inatoka ukutani na kushuka, inafika daraja la chuma, inafika kwa baba. Pembeni saa inahesabu mpaka tisa. Milango imefunguliwa saa moja asubuhi, ongeza tisa, unapata saa kumi jioni. Shangazi aliwapeleka wageni mpaka pale nyekundu inapoanza kutoka, akawaonyesha, wakasema "Aa!" wote pamoja, na Bosi akafurahi mpaka akanipa biskuti.

Saa sita na nusu simu ikaita.

"Bi Tope? Mimi Chupa."

Chupa ni mzee mwenye wajukuu. Hilo jina kalipata kwa kazi yake, maana anasimama kwenye daraja la chuma, juu kidogo tu ya kwa baba, anashusha chupa mtoni kwa kamba, anavuta, anaangalia maji yamebeba nini.

"Niambie, Chupa."

"Limefika."

"Nini kimefika?"

"Tope, mama. Kwani tunamsubiri bibi harusi?"

Mgeni mmoja akacheka. Shangazi hakucheka. "Tope lako ni la saa tisa na nusu," alisema. "Hilo litakuwa limetoka ukingoni hapo juu yako, umeporomoka."

"Ukingo gani? Nimevuta chupa tatu. Ya kwanza kama chai, ya pili kama chai ya kuchemka sana, ya tatu nimeiinamisha hata kumwagika haitaki. Na mto unapanda, naona miguu ya daraja inapungua."

Bosi akainama kwenye spika. "Vuta ya nne, halafu upige tena." Akakata. Akawageukia wageni na tabasamu lake la kiofisi. "Mto nao una visirani vyake. Endelea, Bi Tope, waonyeshe upande wa bwawa."

Lakini shangazi hakuendelea. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, halafu skrini, halafu saa ya ukutani.

"Masaa matatu," alisema.

"Unasemaje?" Bosi akamuuliza.

"Limewahi kwa masaa matatu. Siyo mawili na ushei, siyo matatu na robo. Matatu." Alikuwa anaongea kama mtu anayehesabu kitu gizani kwa vidole. "Mto ukikosea haukosei hivyo. Kosa la mto linakuwa na mabaki. Likiwa limenyooka hivi, kuna mtu kakosea."

Akairudisha filamu mwanzo kabisa, pale ambapo wageni hawakuonyeshwa. Saa ya pembeni ikaanza kuhesabu. Moja. Mto buluu, hakuna kitu. Mbili. Buluu vile vile, milango imefungwa. Tatu. Ndipo milango ikafunguka na nyekundu ikatoka.

Hata mimi nikaona. Saa ya pembeni ilikuwa imeshasema tatu kabla mechi haijaanza.

Shangazi akaweka kiganja mdomoni. Miaka mingine, kabla ya kutoa karatasi yake, hukata ule mwanzo na kuutupa. Mwaka huu hesabu alikuwa ameitoa kwenye filamu, na filamu ilikuwa nzima, haijakatwa.

"Nimehesabu kupasha moto," alisema. Kisha akageuka akaniangalia mimi, na jinsi alivyoniangalia ndiyo nikaelewa. Toa matatu kwenye saa kumi. Tope lilikuwa linafika kwa baba saa saba mchana, na baba alikuwa ndani mpaka saa nane.

Ile biskuti ilikuwa bado mkononi. Nikaiweka kwenye magoti.

Akaanza kupiga simu. Ya baba kwanza. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Mimi nilijua kwa nini. Simu zao wanaziacha juu ndani ya ndoo, maana chini kule kuna unyevu, na ndoo inafunikwa na koti. Akapiga tena, ikaita tena. Mnyapara wao, yule anayewasimamia, simu yake inatumika. Akapiga tena, bado inatumika.

"Kuna king'ora kule?" mgeni mmoja akauliza.

"Kipo, lakini umeme umezimwa," shangazi akasema bila kumwangalia. "Wanazima wote ili pampu isije kuwashwa kukiwa na mtu ndani."

"Basi si mfunge milango ya bwawa?"

"Lililotoka limetoka. Kufunga mlango hakumrudishi aliyeko njiani."

Bosi akamshika kiwiko, akamsogeza dirishani, karibu na kiti changu. Alidhani ananong'ona, lakini kwa mngurumo ule alilazimika kuongea kwa sauti, na mimi watu hunisahau nikiwepo. "Sikiliza. Ukimpata huyo mnyapara mwambie mto umeongezeka ghafla. Tahadhari tu. Mambo ya filamu sijui kupasha moto tutayaongea sisi wenyewe jioni. Mbele ya hawa, hapana. Kazi ya miaka yote hii, unataka waondoke wakisema kompyuta yetu haijui saa?"

Shangazi akamwacha pale dirishani. Akarudi mezani akapiga simu ya ofisini kule kwa mnyapara. Mwito mmoja. Wa pili. Nilikuwa nimeanza kung'ata ukosi wa shati langu bila kujua.

"Haloo!"

"Mnyapara, ni mimi wa bwawani. Watoe watu mferejini."

"Nani, Bi Tope? Vipi, mbona unahema?"

"Watoe watu. Mto umeongezeka."

Kisha tukamsikia anasogeza kiti. "Umeongezeka wapi? Kipimo changu nakiona hapa dirishani, hakijapanda hata kidole. Kompyuta imebadilisha saa?"

Shangazi akamwangalia Bosi. Bosi akafanya hivi na mkono, taratibu, kama anatuliza mbwa.

"Ni tahadhari," shangazi akasema.

"Aa, dada, tahadhari!" Mnyapara akacheka, kicheko cha mtu aliyeumwa na nyoka akaona kamba. "Mwaka jana mchunga ng'ombe alipita hapa akasema maji yamegeuka rangi, nikatoa watu, kazi ikalala, pampu zikaziba mwezi mzima. Nani alinigombeza? Si wewe? Ukaniambia mto hausomwi kwa macho ya wapita njia. Ukaniambia nisitoe mtu mpaka kompyuta iseme. Sasa kompyuta imesema saa kumi, karatasi yako ipo ukutani, umeisaini. Leo unaniambia tahadhari?"

Hapo nilimchukia huyo mnyapara, na kumbe alikuwa anafanya alivyofundishwa.

Shangazi alisimama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wageni walikuwa wameacha kuandika. Bosi akatikisa kichwa, hapana, hapana.

"Bosi," shangazi akasema, "mficha maradhi kifo humuumbua. Na kifo chenyewe ni cha kaka yangu."

Akainamia spika.

"Mnyapara, nisikilize. Kompyuta haijakosea. Nimekosea mimi. Saa niliyokuandikia ina masaa matatu ambayo milango ilikuwa bado imefungwa. Tope halifiki kwako saa kumi. Linafika saa saba. Daraja la chuma limeshalipita. Karatasi yangu ing'oe, uichane."

Kule upande wa pili hakuna aliyecheka tena. "Saa saba ipi?"

"Hii. Ya sasa hivi."

"Mungu wangu." Tukasikia mkono wa simu unagonga meza. Hakuukata, aliuacha hivyo hivyo, na sisi tukabaki na sauti za chumba chake. Mlango. Buti zinakimbia juu ya changarawe. Filimbi, moja ndefu, halafu nyingi fupi fupi. Chuma kinagongwa juu ya zege, gaa, gaa, gaa.

Mtu ukisikiliza kitu usichokiona, masikio yanakuwa makubwa. Nilisikia feni ya kwetu, nikasikia mgeni mmoja anameza mate. Shangazi alikuwa amefumba macho. Saa ya ukutani sikutaka kuiangalia, nikaiangalia.

Sauti za wanaume zikaanza kutoka mbali, wanakohoa, mmoja analalamika amepoteza kiatu. "Tokeni, tokeni! Koleo acha, koleo lina mama?" Huyo ni mnyapara. Halafu buti zikarudi zikikimbia.

"Bi Tope! Uko hapo?"

"Nipo. Wametoka?"

"Wametoka. Kasoro kaka yako."

Mimi nikasimama. Sijui nilitaka kwenda wapi.

"Yuko wapi?" shangazi akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Yuko ndani, kule mwisho karibu na mbao, na hataki! Nimemwita, anasema nimeanza woga wangu wa mwaka jana. Nimemwambia dada yako mwenyewe kasema, anasema wewe ukisema saa kumi ni saa kumi, hujawahi kubadilisha neno, kwa hiyo mimi ndiye mwongo. Eti niwaambie wenzake warudi wamalizie pale palipobaki. Na mto sasa unapanda, nauona!"

Shangazi akapiga meza. "Una simu ya mkononi?"

"Ninayo."

"Nipigie kwa hiyo. Nenda kwenye mfuniko ulio karibu naye, lala chini, uishushe ndani kwa mkono. Ongeza sauti mpaka mwisho."

Simu ya shangazi ikaita mara moja, akaipokea na kuiweka kwenye spika. Tukasikia mnyapara anakimbia, anahema, anajitupa chini. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya shimoni. Koleo linakwangua zege. Kwaa. Kwaa. Na mtu anapiga mluzi. Baba akifanya kazi huwa anapiga mluzi.

"Kaka!"

Koleo likaendelea.

"Kaka! Ni mimi!"

Likasimama. "Mdogo wangu? Umefikaje humo?" Alikuwa anacheka. "Hebu mwambie huyu bwana aniache nimalize, saa kumi ni mbali."

Nilidhani shangazi atamweleza habari ya filamu, na Bosi, na kukata mwanzo. Au atalia. Alivuta pumzi tu.

"Kaka, nimehesabu kupasha moto."

Maji yalikuwa yanadondoka mahali, tone, tone.

"Dakika ngapi?" baba akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Masaa matatu."

"Ina maana mechi…"

"Mechi imeanza tangu saa moja, kaka, inaisha sasa hivi. Toka!"

Koleo likaanguka. Tukasikia hatua ndani ya maji madogo, chwa, chwa, chwa, mtu mkubwa anakimbia ameinama, na mnyapara anapiga kelele "Huku, huku, shika mkono!" Halafu nyuma ya hizo sauti kukaja nyingine, ya chini, nzito, ambayo kwanza nilifikiri ni mngurumo wa bwawa letu. Haikuwa letu. Mnyapara akapiga ukelele, kitu kikagonga, simu ikakatika.

Shangazi akapiga. Haipatikani. Akapiga ile ya baba, ya kwenye ndoo. Ikaita. Ikaita. Ile ya mezani bado ilikuwa wazi, ikituletea chumba kitupu na huo mngurumo, sasa umejaa chumba chote kule na chumba chote huku.

Sijui tulikaa muda gani hivyo. Mgeni mmoja alikuwa amevua koti lake na kulikunja magotini kama yuko msibani. Bosi alikuwa amesimama uso ukutani. Mimi nilikuwa nimemshika shangazi sketi kwa nyuma, mkubwa mzima mimi, na yeye hakuniondoa.

Tukasikia buti kwenye changarawe. Taratibu. Mlango. Mtu akauinua mkono wa simu, na kabla hajasema kitu akatema, akatema tena.

"Mdogo wangu," baba akasema, "tope lako lina ladha mbaya."

Shangazi akakaa chini sakafuni, pale pale, na sketi yake bado iko mkononi mwangu.

Baba alituambia baadaye kwamba mnyapara alimkamata mkono akiwa tayari amelowa mpaka kifuani, na kwamba alivutwa nje na wenzake wanne kama gunia, na simu ya mnyapara ilikwenda na maji. Baiskeli nayo. Mfereji ukajaa tena, wameukwangua nusu, na nusu imebaki mpaka mwakani.

Kule ofisini yule mgeni aliyevua koti akauliza, kwa adabu, kama bwawa lenyewe limesafishika. Shangazi akainuka akapangusa sketi, akawaonyesha dirishani. Chini ya ukuta maji yalikuwa yanatoka ya kahawia, mazito, yanaruka. "Linatoka kama modeli ilivyosema," alisema. "Kwa saa yake ya kweli. Saa ya uongo niliiandika mimi, na Jumatatu nitaiandikia maelezo." Mchana ule Bosi hakuongea na shangazi tena, ila alimletea kiti.

Shangazi alibaki mpaka milango ya chini ikafungwa, akanirudisha nyumbani jua likiwa linazama. Tulipofika alinitanguliza. Yeye akasimama nje ya mlango.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, miguu ndani ya beseni la kufulia, na bibi anammwagia maji kichwani kwa kikombe, maji ya kunywa, yale yale aliyotuonya, kikombe baada ya kikombe, bila kuhesabu. Tope lilikuwa linamshuka mashavuni. Nikaenda kukaa karibu na goti lake. Akaniwekea mkono mchafu kichwani. Kisha akainua macho akamwona mdogo wake kule mlangoni, mkoba kifuani, haingii wala haondoki.

Walitazamana. Bibi akaacha kumwaga.

"Wewe," baba akasema, "ingia. Unapasha moto nini hapo mlangoni?"

Shangazi akaangua kilio ambacho mchana kutwa hakukitoa. Akaweka mkoba chini, akamnyang'anya bibi kikombe, akachota, akaanza kumwosha kaka yake nyuma ya masikio.